Uwanja wa Helikopta wa Babu Wenseslaus

Kambini,
11 Februari 2024

Babu Wenseslaus, shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza nimeitoa nikiwa nimekaa na hii nimesimama wima kama askari. Beatha, wewe dada yangu sikuamkii. Kazi yako ni kusoma kwa sauti, na usiruke mstari.

Babu, wajukuu wa wenzako wako Dar wanatembeza soksi juani. Wako yuko kikosi cha helikopta! Nimechaguliwa kozi ya wale wanaokaa mlangoni chopa ikiwa hewani: mkanda kiunoni, miguu inaning'inia nje, unamwambia rubani kulia kidogo, kushoto, ngoja, teremka. Rubani haoni chini yake. Bila mimi ni kipofu aliyesomeshwa sana. Kuna mwenzangu ana digrii, yale mapanga ya chopa yakianza kuzunguka anashika kofia kwa mikono miwili, uso kama maziwa. Mimi niliyeishia kidato cha pili nasimama tu, natafuna muwa.

Wanatufundisha na kuandaa uwanja wa kutua. Ni kazi ya akili. Sehemu iwe pana kama ule uwanja wa mpira wa wavu pale parokiani. Kusiwe na mgomba wala mti mrefu pembeni, mapanga yasiguse. Takataka zote zifagiliwe, mabati yaliyolegea yagongelewe misumari. Katikati unatandika shuka jeupe, unaligandamiza kwa mawe. Kando unawasha moshi, rubani ajue upepo unakotoka. Basi. Hata jenerali atatua.

Sasa sikia, Babu. Miaka yote ulibeba mizigo ya wageni mlimani, na mwisho wako ukawa kibanda cha mwisho. Wao walikwenda kileleni, wewe ukabaki unachemsha chai. Mimi nikimaliza kozi nakuja na chopa, natua hapohapo kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, nakukalisha mlangoni, tunakwenda kukitazama hicho kilele kwa juu, tukitema mate tukitaka. Nikiwa mwongo, mbuzi wa Krismasi msinipe hata kwato.

Simu zetu zimefungiwa kabatini mpaka kozi iishe, ndiyo maana mnapata mwandiko huu wa kuku.

Mjukuu wako, jicho la rubani,
Anold

*

Uru,
25 Februari 2024

Kwako Anold,

Usiponiamkia mimi niliyekufuta kamasi, utamwamkia nani? Haya, marahaba ya bure.

Barua yako nimeisoma mara tatu nyumbani na mara mbili kilabuni kwa Mama Justina, mbele ya kata za mbege. Babu alinivuta mkono mpaka huko. Wazee walinyamaza kama wako kanisani. Mmoja akauliza kama chopa inaweza kubeba na mbuzi. Babu akamjibu, "Ya mjukuu wangu inabeba watu." Akanunuliwa mbege mpaka akashindwa kusimama. Tangu nimjue sijawahi kumwona akikaa kile kiti cha karibu na pipa. Siku zote alikuwa "yule mpagazi wa juu kule."

Lakini kuna jambo. Juzi alikwenda parokiani na kamba ya kufungia ng'ombe, akaupima uwanja wa mpira wa wavu huku watoto wakimcheka. Jana ameanza kukata migomba upande wa mfongo, kwenye mfereji wetu wa maji. Nikamuuliza, "Babu, vipi?" Akasema, "Chopa haitui juu ya ndizi. Barua imesema." Anold, ile ni migomba tunayokula mtori wake. Na kihamba ni chako wewe kitinda mimba, mimi nitaolewa niende zangu na cherehani yangu. Anakata mali yako.

Mwandikie kwamba ulikuwa unatania. Nikisema mimi anasema nina wivu.

Dada yako,
Beatha

*

Kambini,
10 Machi 2024

Beatha,

Karatasi hii ni yako peke yako. Usiisome kwa sauti. Ukimaliza ichome jikoni, uhakikishe imekuwa majivu. Ndani ya bahasha kuna nyingine ya Babu, hiyo itangaze mpaka Sanya Juu ukitaka.

Nimetolewa kozini. Usicheke bado, ngoja nimalize. Kuna kiti cha kuzunguka wanakuweka, wanakuzungusha umefumba macho, kisha unaambiwa onyesha juu ni wapi. Mimi nilionyesha mlango wa choo. Wakanirusha hewani mara kadhaa labda nitazoea. Nikatapika, nikatapika tena, na safari ya mwisho nilizimia palepale mlangoni, nikaning'inia kwenye mkanda kama popo. Daktari kanichungulia masikio, anasema sikio langu la ndani halijui juu wala chini. Nikamwambia, "Daktari, mimi nimezaliwa mlimani. Kwetu kila kitu ni juu au chini!" Hakucheka. Akapiga muhuri.

Sasa niko timu ya ardhini chini ya Sajini Ruth, na simu yangu bado imefungiwa kabatini na za wenzangu. Nafagia pale chopa zinapotua. Usidharau: kokoto moja ikinyonywa na injini, watu wanakufa. Kwa hiyo kwa namna fulani bado nimeshika maisha ya marubani, ila nayashika kwa ufagio.

Babu asijue. Umeandika mwenyewe kwamba sasa anakaa karibu na pipa. Amekuwa mpagazi maisha yake yote, mwache awe babu wa mtu wa chopa mpaka mvua ziishe. Migomba itaota. Mgomba ukikatwa si unachipua? Nitatafuta maneno nikija Krismasi, kwa basi, nikiwa nimenyoa vizuri.

Ndugu yako,
Anold

*

Uru,
12 Aprili 2024

Anold,

Babu amejikata.

Alikuwa anamalizia mstari wa mwisho wa migomba. Udongo umelowa, akateleza, panga likamshukia mguuni. Hakuniambia. Alifunga na kitambaa akaendelea kukata, na alipomaliza migomba akaingia kwenye kahawa. Nimegundua kwa harufu. Unajua ana sukari. Kidole gumba kimekuwa cheusi, na weusi unapanda. Nesi wa zahanati amekuja mpaka nyumbani, akasema apelekwe hospitali kubwa mjini sasa hivi, wakate kidole kabla hawajakata mguu, au kabla ya jambo lingine ambalo hakulitaja.

Mvua imekula barabara pale darajani. Gari halipandi. Wanaume wametengeneza machela, wako tayari kumbeba kwa zamu hadi lami. Babu amewatolea panga akiwa kitandani. "Mjukuu wangu anakuja na chopa, nibebwe mimi kama jogoo wa mnada? Atakuja akute uwanja hauna mtu, nani atamtandikia shuka?"

Nimemwambia ukweli. Nimemwambia unafagia. Alinitazama kwa huruma, Anold, yeye ndiye aliyenihurumia mimi. Akasema, "Nionyeshe barua iliyosema hivyo." Na mimi niliichoma kama ulivyoniagiza, nikahakikisha imekuwa majivu.

Basi andika nyingine. Maneno machache: mimi sirushwi, sina chopa, sitakuja nayo, Babu nenda na machela. Nitampa katekista Basili aisome, ili asiseme nimeongeza yangu. Na utie ndani jani la isale ulilolipiga fundo. Usinicheke na ujeshi wako. Mzee wa kwetu akipokea isale hawezi kukataa kusamehe, wala hawezi kumkatalia aliyelileta. Huyu hatasikia kitu kingine.

Fanya haraka. Muuza ndizi Elimringi anashuka kwa miguu mpaka kwenye pikapu yake kila asubuhi, anajua pa kupitisha barua zako.

Beatha

*

Kambini,
16 Aprili 2024

Babu, shikamoo,

Nimesikia umejikata. Pole sana, mwamba wangu. Mguu wa mtu aliyepanda mlima wote ule hauwezi kushindwa na panga la kukatia migomba.

Babu, nenda hospitali na hiyo machela. Chopa yangu iko matengenezo. Mapanga yametolewa yanapakwa mafuta, kazi hiyo haiharakishwi, na mimi ndiye ninayeisimamia. Ikiwa tayari nitakuja kukuchukua hukohuko hospitalini, wagonjwa wote wachungulie madirishani. Kwa hiyo usione aibu ya machela, ni usafiri wa muda tu.

Chopa ni mara moja, afya ni kila siku.

Mjukuu wako,
Anold

(Beatha, isale sikulipata. Huku hakuna.)

*

Uru,
19 Aprili 2024

Anold,

Basili amesoma. Babu alisikiliza amefumba macho. Basili alipofika kwenye mapanga kupakwa mafuta, Babu alifumbua akasema, "Mmesikia? Iko matengenezo. Kitu kikiwa matengenezo, kinatoka. Nitangoja." Akawaambia wanaume wailaze machela chini, waikalie.

Umempa siku za kufa na umezifunga kwa utepe.

Na sasa mimi nakuuliza swali. Barua hii ya mwisho ilifika siku moja baada ya kuiandika. Za kwanza zilichukua wiki. Nikambana Elimringi. Alikula kiapo kwako, lakini ana mama, na mama yake ni rafiki wa Babu. Amesema kikosi chenu kimekuja kujifunza kurukia milimani, mmepiga kambi hapo kwenye uwanja wa ndege wa Moshi, na yeye ndiye anayewaletea ndizi za jikoni. Amesema anakuona na ufagio kila asubuhi.

Uko Moshi! Ukiinua kichwa unaona miti yetu. Mimi naandika "huko uliko" kumbe ningepanda juu ya banda ningekuona.

Isale huku hakuna? Elimringi anasema ua la ofisi mliyopewa ni isale mwanzo hadi mwisho.

Sikutukani. Nakuomba. Panda. Hata kama ni kwa miguu, hata na ufagio begani. Inama mbele ya kitanda umwambie, "Babu, nipande mgongoni." Kwa machela hataki, kwa mgongo wako atakubali, najua. Ulikuwa unapanda wake mpaka una miaka saba.

Beatha

*

Moshi,
22 Aprili 2024

Dada Beatha, shikamoo,

Ndiyo, niko Moshi. Elimringi ana mdomo kama mfongo uliobomoka.

Niliomba ruhusa ya Jumapili. Sajini Ruth alikataa kabisa. Jeshini si kama kushona sare za shule, kwamba ukichoka unazima taa. Nilimwambia kuhusu Babu, nikapiga magoti kabisa, akasema chopa hazingoji babu wa mtu. Ningefanya nini? Nitoroke nifungwe?

Wiki hii nitaomba tena. Mpe Babu maji mengi. Mwambie namsalimu kutoka hewani.

Anold

*

Uru,
24 Aprili 2024

Anold,

Jumapili mchana ulikuwa kwa Mama Justina.

Ulidhani hawatanisimulia? Uliingia na sare, viatu vimetapakaa tope. Wanaume wote wakasimama. "Rubani! Rubani!" Ukapewa kata ya kwanza, ile wanayopewa wazee. Wakakuuliza, chopa iko wapi? Ukasema iko chini inanyweshwa mafuta. Wakashangilia, wakasema hawakuachi upande peke yako, watakusindikiza na nyimbo mpaka kwa Babu. Wakanyanyuka wote, na kata zao. Hapo ukajipapasa mifukoni ukasema umesahau ufunguo wa chopa, ngoja ukauchukue mara moja. Ukateremka. Walikungoja mpaka mbege ikaisha.

Helikopta ina ufunguo, Anold?

Kutoka kwa Mama Justina hadi kitandani kwa Babu, mtu akiwa na mafua akipiga chafya anasikika. Nilikuwa namgeuza ubavu. Nilisikia shangwe, nikadhani kuna aliyeshinda bahati nasibu.

Na jana helikopta imepita. Ya kikosi chenu, rangi ya majani makavu. Babu aliisikia kabla yangu. Sijui nguvu alizitoa wapi. Tulimbeba na kiti mpaka kwenye huo uwanja wake. Shuka la marehemu Bibi lilikuwa limetandikwa, moshi tukawasha kwa majani ya mgomba. Ikaja mpaka juu yetu. Ikazunguka mara mbili, Anold, chini kabisa, mbuzi wakakata kamba. Babu aliinua mikono yote miwili kama kuhani. Kisha ikaondoka.

Nilitegemea atalia. Alikaa akitazama ule mti wa mringaringa pembeni, akitikisa kichwa. Leo asubuhi amemwita Basili peke yake, akanifukuza nje. Sijui walichoandika.

Weusi umepita goti. Nesi amesema sasa hata hospitali ni ya kumpumzisha tu.

Beatha

*

Uru, kwa mkono wa Basili, katekista,
24 Aprili 2024

Mjukuu wangu Anold,

Nimekuona. Ulikuwa umekaa mlangoni, miguu nje, kama ulivyosema. Macho yangu ni mabaya lakini miguu yako naijua.

Wanasema huku kwamba hukutaka kutua. Wapumbavu. Mimi nimeelewa. Ulizunguka mara ya kwanza ukaupenda uwanja. Ukazunguka mara ya pili ukauona mringaringa. Barua yako ilisema kusiwe na mti mrefu pembeni. Nilisikia vizuri iliposomwa. Lakini mti ule aliupanda baba yangu, na kila nikiinua shoka nilimwona yeye. Nikakata migomba, ambayo ni yako. Nikakata kahawa, ambayo ni yako. Mti wangu nikauacha. Huo ulikuwa uchoyo wa mzee, na ndio uliokuzuia usimfikie babu yako.

Kwa hiyo nakuletea isale. Nimelipiga fundo mwenyewe, Basili hakunisaidia. Naomba radhi yako. Umetoka na chombo cha serikali kuja kunichukua, ukakuta sijamaliza kazi.

Jumamosi vijana watauangusha. Njoo baada ya hapo. Usiwe na wasiwasi na mguu, hauumi tena hata kidogo. Koti langu la mlimani nimelivaa tayari, lile lenye zipu, maana huko juu ya kilele najua kuna baridi.

Babu yako,
Wenseslaus

*

Moshi,
26 Aprili 2024

Babu, shikamoo,

Basili akusomee hii polepole, na wazee wawepo.

Siye mimi uliyemwona. Mlangoni alikuwa mwenzangu, yule mwenye digrii. Mimi nilikuwa chini uwanjani Moshi na ufagio. Sirushwi. Nilitolewa kozini mwezi wa tatu kwa sababu nikipaa nazimia. Sina chopa, haijawahi kuwa matengenezo, na wala hakuna ufunguo. Ruhusa ya Jumapili iliyopita nilipewa. Nilifika kwa Mama Justina nikashindwa kupanda hatua zilizobaki, kwa sababu walikuwa wanaimba.

Usikate mti wa baba yako. Usiniombe radhi. Isale limenifika na silistahili, na hapa ndani nimetia la kwangu.

Sajini amenipa Jumapili tena. Nakuja kwa miguu. Utapanda mgongoni.

Anold, mfagizi

*

Uru,
30 Aprili 2024

Anold,

Babu alifariki Jumamosi asubuhi, mti ukiwa nusu. Alikuwa kwenye kiti dirishani na koti lake. Alikuwa anawaelekeza vijana waangushe upande wa mfongo, mara akanyamaza, wakadhani ameridhika. Walimalizia kuukata ndipo wakaja kumwambia tayari.

Elimringi alileta barua yako saa hiyo watu wanaanza kulia. Basili alinyoosha mkono aichukue. Nilimnyang'anya. Nimeiweka kwenye mfuko wa koti la Babu, pamoja na isale lako, nikavuta zipu. Hakuna aliyeisoma ila mimi.

Jumapili tulikungoja. Elimringi akaenda kukutafuta, akakuta mlinzi tu na mahema. Akaambiwa mmeondolewa kikosi kizima alfajiri kwenda kwenye mafuriko huko tambarare, na hakuna ajuaye mnarudi lini. Najua safari hii si uongo. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Tumemzika jana. Tulitaka kumlaza karibu na Bibi lakini mringaringa umeangukia huko, na vijana hawakuwa na nguvu za kuusogeza. Pahali pekee palipokuwa wazi kihambani ni ule uwanja. Amelala katikati. Wazee wa kwa Mama Justina wametandika lile shuka jeupe juu ya kaburi, wakaligandamiza kwa mawe pande zote, ili siku ukija usipotee.

Wananiuliza utakuja lini na chopa. Mimi sijawajibu. Hilo ni jibu lako.

Beatha

*

Moshi,
6 Mei 2024

Dada Beatha, shikamoo,

Tumerudi jana kutoka kwenye mafuriko. Barua yako nimeikuta kwa mlinzi. Nimeisoma nimesimama palepale getini, mpaka mwisho.

Nikuambie ya leo. Kapteni ametukusanya mbele ya ubao, marubani na sisi wa ardhini. Alikuwa anaorodhesha pahali ambapo chopa ikipata shida mlimani inaweza kutua. Akachora Uru. Akachora mfongo. Akasema, "Hapa kuna uwanja. Mara ya kwanza tuliuona tukazunguka mara mbili, tulitaka kutua, ila kulikuwa na mti mmoja mrefu pembeni. Asubuhi hii tumepita, mti umeondolewa. Upana sawasawa, takataka hakuna, alama nyeupe katikati imewekewa mawe. Sijui ni nani aliyeuandaa, lakini anajua kazi kuliko nusu yenu."

Babu alisema kweli, Beatha. Ulikuwa ni ule mti.

Kisha akauliza, "Nani hapa anatoka Uru?" Sajini Ruth akanisukuma na kiwiko. Kapteni akaniambia, "Vizuri. Kesho panda nasi, ukae mlangoni utuonyeshe, tukatue pale tuujaribu. Ukitapika, utatapika."

Hebu fikiria. Kesho. Natokea juu ya kihamba na chopa ya kweli, miguu nje, Mama Justina na pipa lake wakiona. Kila neno la ile barua ya Februari lingekuwa kweli, hadi nukta.

Nikasema, "Afande, pale hapafai kutua tena. Katikati kuna kaburi."

Akauliza la nani. Nikasema la aliyeuandaa. Akanitazama, akachukua dasta, akapafuta.

Nakuja Jumapili. Nitapita kwa Mama Justina, nitawaambia mimi mwenyewe, wakitaka wanimwagie hiyo kata usoni. Isale la Babu ninalo kwenye mfuko wa shati. Limeshakauka. Fundo lake sijalifungua. Kwa mila yetu, kwa kulipokea tu nimeshamsamehe, sasa sijui hiyo radhi nimrudishie nani.

Lakini usiningoje mimi kwa jambo moja, lifanye leo. Liondoe lile shuka kaburini, Beatha. Marubani wanaliona toka mbali, wanadhani kuna mtu anawaita.

Anold